Amana ya Mali ya Wengi: Khabari ya Mkuu wa Kampuni na Marupurupu Yake

Mtu akifariki akaacha watoto wadogo na shamba la minazi, wazee hukaa kitako wakamchagua msimamizi. Msimamizi huyo huwaita wakwezi kwa wakati wake, huuza nazi na mbata, hulipa palizi, na kinachobaki huwawekea mayatima mpaka wakue. Hapana mwenye akili atakayekataa kuwa naye ana haki ya ujira, maana kazi anaifanya na jua linamchoma. Lakini yako maswali yasiyokwepeka. Ujira huo ni kiasi gani, na ni nani aliyeukadiria? Na yale madafu anayokunywa kila siku, na makuti anayoezekea nyumba yake, na punda wa shamba anayempanda kwenda arusini, je, yamo katika hesabu au hayamo?

Ndugu wasomaji, maswali haya si ya kijijini peke yake. Yaliulizwa Marekani mwaka 2002, juu ya mtu ambaye hakusimamia shamba la minazi bali kampuni moja miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za viwanda duniani. Tumeona vyema kuwasimulia khabari hiyo tangu mwanzo, kwani ndani yake mna somo kwa kila mwenye kushika mali isiyokuwa yake.

KAMPUNI YENYEWE

Kampuni hiyo ni General Electric, iliyoundwa mwaka 1892 kwa kuunganisha kampuni mbili za umeme, mojawapo ikiwa ile ya Thomas Edison, mtu aliyepata sifa kwa taa ya umeme. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia ilitengeneza taa, mitambo ya kufulia umeme, mashine za hospitali na injini za ndege. Hata sisi huku hatuko mbali nayo, kwani ndege za Kenya Airways za aina ya Boeing 787 huruka kwa injini zake.

Ni nani mwenye kampuni kama hiyo? Si mtu mmoja. Mali yake imegawanywa mafungu madogo madogo yaitwayo hisa, na kila mwenye kununua hisa amekuwa mshirika kwa kadiri ya fungu lake. Wako matajiri miongoni mwao, lakini wako pia wastaafu, wajane, walimu, na wafanyakazi wa viwanda hivyo hivyo, waliotia akiba zao humo ili wapate faida kidogo kila baada ya miezi mitatu. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuendesha kazi wenyewe. Basi huchagua Bodi ya Wakurugenzi iwaangalilie mali yao, nayo Bodi huajiri mkuu wa kampuni. Kwa hiyo mkuu huyo, ajapokuwa na heshima ya mfalme, ni mtu wa kuajiriwa. Yeye ndiye yule msimamizi wa shamba, na wenye hisa ndio mayatima.

MTU MWENYEWE

Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo tangu mwaka 1981 hata mwezi wa Septemba 2001 ni Bwana Jack Welch. Hakuzaliwa katika utajiri. Baba yake alikuwa kondakta wa gari la moshi katika jimbo la Massachusetts. Alisoma uhandisi wa kemikali mpaka akapata shahada ya juu kabisa, na mwaka 1960 akaingia kampunini kwa mshahara wa dola 10,500 kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja aliongezwa dola 1,000. Akaona kuwa wenzake nao wameongezwa vivyo hivyo, mwenye bidii na asiye na bidii sawasawa. Akaudhika, akakata shauri kuondoka. Mkubwa wake alimbembeleza sana hata akabaki. Mwenyewe amekisimulia kisa hicho katika kitabu cha maisha yake, na hapana shaka kilimwachia fikira ambayo hakuiacha tena: kwamba ujira ndio kipimo cha thamani ya mtu.

Alipopanda juu alifanya kazi ambayo hata adui zake hawakuikana. Thamani ya kampuni sokoni, iliyokuwa kiasi cha dola bilioni 14 alipoanza, ilipita dola bilioni 400 katika miaka yake ya mwisho. Lakini njia aliyopita haikuwa laini kwa kila mtu. Mwisho wa mwaka 1980 kampuni ilikuwa na watu 411,000. Mwisho wa mwaka 1985 walikuwa 299,000. Wengine walikwenda pamoja na viwanda vilivyouzwa, na wengine waliachishwa kazi tu. Magazeti yakampa lakabu ya bomu la nyutroni, lile lisemwalo kuwa huua watu likaacha majumba yamesimama.

MKATABA WA MWAKA 1996

Mwaka 1996 Bodi iliogopa kumpoteza mtu huyu, ikataka akae hadi mwisho wa mwaka 2000. Ikawa tayari kumpa malipo makubwa ya mara moja. Bwana Welch, kwa maelezo yake mwenyewe, akasema kuwa hataki malipo hayo; anachotaka ni mkataba utakaomhakikishia kwamba akisha kustaafu ataendelea kupata, maisha yake yote, huduma na vifaa vya kampuni kama alivyokuwa akivipata kazini.

Wenye hisa waliambiwaje? Taarifa walizopelekewa tangu mwaka 1997 ziliutaja mkataba huo, lakini kwa maneno ya jumla: kwamba mstaafu atakuwa na ruhusa ya kutumia vifaa na huduma za kampuni kwa muda wa uhai wake. Msomaji aliyekuwa nyumbani kwake na taarifa ile mkononi angefahamu nini? Pengine angedhania kuwa mzee atapewa chumba cha kuandikia barua zake, na mtu wa kumpokelea simu. Neno “huduma” ni kama kikapu kilichofunikwa kawa. Huwezi kujua kama ndani mna maandazi au mna dhahabu.

KAWA LAFUNULIWA

Kikapu hicho hakikufunuliwa na Bodi, wala na wahasibu, wala na Serikali. Mwezi wa Septemba 2002 Bwana Welch na mkewe walikuwa katika daawa ya talaka. Mambo yao ya nyumbani hayatuhusu, nasi tutayaacha huko huko. Linalotuhusu ni kwamba mkewe, katika kudai masurufu, aliorodhesha mbele ya mahakama maisha waliyozoea, na ni nani aliyekuwa akiyalipia. Mwandishi wa gazeti akaziona karatasi hizo, na khabari ikaenea dunia nzima.

Miaka miwili baadaye Tume ya Serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilitoa orodha yake baada ya uchunguzi. Zilikuwamo ndege za kampuni kwa safari zake za kazi na zake binafsi bila ya kikomo, nyumba yenye samani katika jiji la New York, ambayo kampuni yenyewe ilikadiria kuwa kodi yake mwaka 2003 ilikuwa kiasi cha dola 50,000 kwa mwezi, na bei yake zaidi ya dola milioni 11, gari na dereva aliyefundishwa ulinzi, gari jingine la Mercedes Benz la kukodiwa, ofisi mbili, msaidizi wake wa pekee, washauri wa kodi na mirathi, simu, televisheni na kompyuta katika nyumba zake pamoja na mafundi wa kuziangalia, na walinzi wa kufuatana naye hata alipokuwa akizunguka kukitangaza kitabu chake. Tume ilisema kuwa katika mwaka wa kwanza wa kustaafu peke yake alipata manufaa ya kiasi cha dola milioni 2.5. Na karatasi za mahakamani zilikwisha kutaja mambo madogo madogo yaliyowaudhi watu kuliko yale makubwa: maua, mvinyo, ufuaji wa nguo, magazeti, na tikiti za kutazamia michezo.

Tusisahau kuwa mtu huyu hakuwa maskini. Pensheni yake ilitajwa kuwa kiasi cha dola milioni 9 kwa mwaka, mbali na hisa alizokuwa nazo. Ndipo watu wakauliza: mwenye uwezo kama huo, kwa nini gazeti analolisoma asubuhi linunuliwe kwa akiba ya mjane?

UTETEZI WAKE

Insafu inatupasa tusikilize maneno ya upande wa pili. Bwana Welch aliandika katika gazeti la Wall Street Journal tarehe 16 Septemba 2002. Alisema kuwa mkataba ule ulikuwa halali, ulikubaliwa na Bodi, na uliigharimu kampuni kidogo kuliko zile fedha alizoziacha. Hayo yana uzito wake. Mtu aliyeshika neno lake kwa miaka minne na zaidi hawezi kuitwa mwizi kwa kudai alichoahidiwa. Juu ya hayo aliandika kuwa anayaacha karibu yote, abakiwe na ofisi na msaidizi tu, na kuwa atakayoendelea kuyatumia, kama ndege, atayalipia mwenyewe. Akakadiria kuwa malipo hayo yatakuwa dola milioni 2 hadi 2.5 kwa mwaka.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha khabari yetu. Marupurupu hayo yalikuwamo katika mkataba kwa miaka sita, wala hayakumsumbua mtu. Yalipotajwa kimoja kimoja, kwa majina yake, mbele ya wenye mali, hayakudumu hata nusu ya mwezi. Hakuna sheria iliyobadilika katika siku hizo. Wala mkataba haukuvunjwa na hakimu. Kilichobadilika ni kwamba wenyewe wamejua. Basi ujira ambao hauwezi kustahimili kutajwa mbele ya mwenye mali ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoandikwa, hata kama wino wake ni halali.

Tume nayo, ilipotoa uamuzi wake tarehe 23 Septemba 2004, haikusema kuwa Bwana Welch alilipwa kupita kiasi, kwani hiyo haikuwa kazi yake. Ilisema kuwa kampuni haikuwaeleza wenye hisa kwa ukamilifu. Kampuni ilikubali amri ya kutorudia kosa hilo, bila ya kukiri wala kukana, na haikutozwa faini. Mwaka 2006 Tume hiyo hiyo ilikaza kanuni zake, hata marupurupu ya mkuu yakijumlika kufika dola 10,000 yakawa hayana budi kuelezwa. Hapo kwanza kikomo kiliweza kufika dola 50,000.

KWA NINI UJIRA HUPANDA

Huenda mtu akauliza: Bodi haikuwapo? Ilikuwapo. Lakini yafaa tuone jinsi kazi ile inavyofanywa. Ndani ya Bodi mna kamati ya kukadiria malipo, na mara nyingi wanakamati ni watu ambao wao wenyewe ni wakuu wa kampuni nyingine, au walikuwa. Kamati hutazama kampuni za namna moja zinalipa nini. Sasa, kila Bodi huona haya kusema kuwa mkuu wake ni wa daraja la chini; kila moja hupenda kumlipa wake juu kidogo ya wastani. Lakini watu wote hawawezi kuwa juu ya wastani. Wakipandishwa wote, wastani nao hupanda, na mwakani huanza tena. Ni ngazi isiyokuwa na kidato cha mwisho.

Pili, sehemu kubwa ya malipo hayo hutolewa kwa hisa au kwa haki ya kununua hisa kwa bei ya zamani. Makusudio yake ni mazuri: mkuu apate pale wenye hisa wanapopata. Lakini bei ya hisa hupanda kwa kazi njema, na pia hupanda kwa upepo wa soko tu. Na upepo ukivuma, jahazi zote huenda, hata la nahodha aliyelala. Taasisi moja ya Washington, Economic Policy Institute, imehesabu kuwa mwaka 1965 mkuu wa kampuni kubwa ya Marekani alipata kiasi cha mara 21 ya mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 2023 ilikuwa mara 290.

YALIYOFUATA

Mtu atasema kuwa haya ni ya zamani, na Bwana Welch mwenyewe alifariki mwezi wa Machi 2020. Lakini ada ikishika nyumba haiondoki na mtu mmoja. Mwezi wa Oktoba 2017 ilifichuka kuwa katika baadhi ya safari za mkuu aliyemfuata, Bwana Jeff Immelt, ndege mbili zilikuwa zikiruka: moja imemchukua yeye, na ya pili ikimfuata tupu, ili ya kwanza ikiharibika asicheleweshwe. Kampuni ilijitetea kuwa yalifanywa hayo nyakati chache tu, kwa haja ya kazi na usalama. Mwezi uliofuata kampuni hiyo hiyo ilitangaza kupunguza nusu ya faida inayowagawia wenye hisa, kutoka senti 24 hadi senti 12 kwa kila hisa kwa miezi mitatu. Na mwaka 2018 ikatangaza kuiteremsha mpaka senti 1. Mwaka 2019 ilitangaza kuwa watumishi wake wa mishahara kiasi cha 20,000 nchini Marekani hawataongezewa tena haki za pensheni tangu mwanzo wa 2021.

Hatusemi kuwa ndege ile tupu ndiyo iliyokula pensheni za watu. Kampuni ilidhoofishwa na mambo makubwa kuliko hayo: biashara za fedha, bima, na ununuzi wa viwanda kwa bei ya juu. Lakini tazama mfano ulioonekana na macho. Mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka 30 anaambiwa kuwa mali haitoshi, naye amekwisha kusoma gazetini kuwa viti vitupu vilisafirishwa juu ya bahari.

Liko na jema la kueleza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliwapa wenye hisa nafasi ya kupiga kura juu ya malipo ya wakuu, ingawa kura hiyo ni ya ushauri na haiilazimishi Bodi. Mwezi wa Mei 2021 wenye hisa wa General Electric waliitumia. Mkuu wa wakati huo, Bwana Larry Culp, alihesabiwa kupata kiasi cha dola milioni 73 kwa mwaka 2020, mwaka wa maradhi ya korona, ambao kampuni ilipunguza maelfu ya wafanyakazi, na ambao Bodi ilimtengenezea mkataba mpya wenye masharti mepesi kuliko ule wa kwanza. Wengi wa waliopiga kura walikataa. Mayatima, kwa kusema hivyo, walisimama shambani wakamwuliza msimamizi hesabu.

MAFUNZO KWETU

Watoto wa vyuoni mwetu hukisikia kisa cha mtu wa kabila la Azd aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi aliyagawa mafungu mawili aliyokuja nayo. Moja akawapa Waislamu, na jingine akasema kuwa amezawadiwa yeye. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingalimfuata huko. Hicho ndicho kipimo cha marupurupu yote: je, kitu hiki kimenijia mimi, au kimekijia cheo nilichokabidhiwa? Na Sayyidna Abubakar (R.A.) aliposhika ukhalifa alionekana akienda sokoni na nguo zake za biashara. Masahaba wakamzuia, wakamkadiria posho katika Baitul-Mal ya kumtosha yeye na watu wake. Hakujikadiria mwenyewe, wala posho yake haikuwa siri.

Nasi tusijidanganye kuwa khabari hii ni ya wakuu wenye ndege peke yao. Yuko kaka mkubwa anayekusanya kodi ya nyumba ya urithi, na dada zake hawajui wapangaji ni wangapi. Yuko mtunza fedha wa chama cha akina mama. Yuko mwangalizi wa wakfu wa msikiti. Yuko mwenye gari la ofisi, ambalo kila asubuhi hupeleka watoto wake shule kwa mafuta ya wengine, na watoto wakakua wakiamini kuwa gari ni la baba. Kila mmoja wa hao anastahili ujira wa haki, tena usiwe wa kumfedhehesha, kwani msimamizi mwenye njaa hujaribiwa sana. Lakini na ashike mambo matatu.

Kwanza, asijikadirie mwenyewe, wala asikadiriwe na rafiki zake anaowakadiria wao.

Pili, kila anachopata kitajwe kwa jina lake na kiasi chake. Asiandike “gharama mbalimbali” pale ambapo angeweza kuandika kilo mbili za sukari.

Tatu, kabla ya kuchukua kitu, ajione amesimama mbele ya wenye mali akikitaja kwa sauti. Ulimi ukiwa mwepesi, na achukue, ni halali yake. Ulimi ukiwa mzito, na akiache mahali pake.

Bwana Welch alikuwa na mawakili na wahasibu wasio na idadi, na ikambidi angoje orodha isomwe na wengine ndipo arudishe. Sisi tunaweza kuisoma orodha yetu leo usiku, nyumbani, kabla ya kuulizwa na mtu.

Wabillahi tawfiq.